Maswali ya Wasomaji: Seli ya Mafuta Hupimwaje Ndani?

Katika toleo lililopita tulieleza namna seli ya mafuta inavyokutanisha haidrojeni na oksijeni ya hewani ikatoa umeme, maji na joto bila kuwasha moto. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na sehemu kubwa iligusa jambo nililolitaja kwa sentensi moja tu, yaani vihisi vidogo vinavyowekwa ndani ya seli hizo. Nimechagua barua nne, mbili za Arusha mjini, moja ya Tengeru na moja ya Moshi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi umeme, ninaishi Sakina. Chuoni tuna seli ya mafuta ya kufundishia, yenye seli tano zilizobanwa pamoja. Juzi ilizungusha feni vizuri kwa dakika kama ishirini, kisha feni ikaanza kulegea. Nilipima kwenye ncha mbili za nje nikaona volti zimeshuka, lakini sikujua tatizo liko wapi. Kwa nini watafiti wahangaike kuingiza vihisi ndani wakati mita ya kawaida inapima nje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe, maana uliona volti zimeshuka lakini hukujua zimeshukia wapi.

Seli moja ya aina mnayoitumia, ile yenye utando wa plastiki unaopitisha protoni, kwa nadharia hutoa volti 1.23, lakini ikishabebeshwa kazi hubaki na volti 0.6 hadi 0.7 hivi. Ndiyo maana hupangwa moja nyuma ya nyingine kama betri za tochi. Gari la Toyota Mirai la kizazi cha pili hubeba seli 330 katika mfuatano mmoja. Katika mpango huo mkondo uleule hupita kila seli, na volti hujumlishwa. Tuseme seli zenu tano zilikuwa na volti 0.68, 0.67, 0.69, 0.31 na 0.68. Mita ya nje itasoma 3.03 badala ya 3.4, na mtu asiyejua atasema feni ni nzito au haidrojeni inakaribia kwisha. Hakuna chochote katika ile 3.03 kinachokueleza kwamba seli nne ni nzima kabisa na moja inazama. Tena seli hiyo ikiwa inazama kwa kukosa haidrojeni, huku zile nyingine zikiendelea kuisukumia mkondo, volti yake huweza kupita sifuri ikawa hasi, na hapo kaboni inayobeba chembe za platini huanza kuliwa na kutoka kama hewa ya ukaa. Kaboni iliyoliwa hairudi.

Kwa hiyo kabla hujawaza vihisi vya ndani, gusa kwa ncha ya mita kila bamba linalotenganisha seli na seli, uandike volti za kila moja. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na magari yanayotembea kwa haidrojeni hubeba saketi inayoifanya muda wote.

Shida ni kwamba hata ukishajua ni seli ya nne, ugonjwa wenyewe hujaujua. Ndani yake kuna bamba la grafati lililochongwa mifereji yenye upana wa milimita 1 hivi, kisha karatasi ya nyuzi za kaboni, kisha tabaka la kichocheo lenye platini, na katikati kabisa utando, ambao siku hizi huweza kuwa na unene wa mikromita 10 hadi 25 tu, wakati unywele wa kichwa hufikia 70 hivi. Utando huo haupitishi protoni vizuri usipokuwa na maji. Ukikauka, ukinzani wake hupanda, joto huongezeka, utando hukauka zaidi, na mwisho huweza kutoboka, gesi mbili zikakutana mahali zisipotakiwa kukutana. Maji nayo yakizidi, huziba mifereji na vitundu vya ile karatasi, na oksijeni haifiki kwenye platini. Ukavu na mafuriko huonekana nje kwa dalili ileile ya volti kushuka, ilhali dawa zake zinapingana: seli iliyokauka inahitaji unyevu na hewa kidogo, na iliyofurika inahitaji kupulizwa. Ukikosea dawa, unamalizia mgonjwa.

Isitoshe, seli moja huweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro tunaujua mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba: maji yakitoka juu, mwenye shamba la mwisho ndiye anayekauka, hasa wa juu akizidisha zamu yake. Mifereji ya seli ya mafuta inafanana sana na mifongo, isipokuwa mambo yake yamegeuka. Hewa inapoingia ni kavu, kwa hiyo sehemu ya mwanzo ndiyo inayokaushwa. Kadiri inavyosonga mbele inaachia oksijeni na kuzoa maji yaliyozalishwa njiani, hata inapofika mwisho wa mfereji imelowa na imeishiwa nguvu. Bamba la sentimita kumi kwa kumi linaweza kuwa na kiangazi upande mmoja na masika upande wa pili, na wastani wake ukaonekana wa kawaida. Hapo ndipo panapotakiwa vihisi kadhaa, vidogo, vilivyotawanywa njiani kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea, vikipima joto, unyevu, kanieneo na mkondo wa mahali pale pale vilipo.

Kuhusu feni yenu, siku nyingine ikilegea fungulia kwa sekunde moja au mbili vali ya kutolea upande wa haidrojeni, mbali na cheche na huku madirisha yakiwa wazi. Volti zikiruka juu papo hapo, basi upande ule ulikuwa umejaa maji, au naitrojeni iliyopenya polepole kutoka upande wa hewa. Zisipobadilika, angalia upande wa hewa.

SWALI: Mwanangu Mwalimu, mimi ni fundi majokofu wa Majengo, Moshi, na kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thelathini. Ninachojua ni kwamba kila mahali unapopitisha waya katika chombo cha gesi, umefungua mlango wa kuvuja. Hao wataalamu wanaingizaje kihisi mahali pembamba kama ulivyoeleza, na kinadumuje ndani ya maji na asidi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wasiwasi wako ni wa haki kabisa, na ninao ushahidi wa mikono yangu. Miaka michache iliyopita nilitaka kujua joto la katikati ya seli ya darasani. Nikachukua waya wa kupimia joto wenye unene wa nusu milimita, nikaupitisha chini ya gasketi na kukaza boliti kama kawaida. Nilipopaka maji ya sabuni kwenye ukingo, mapovu yalitoka pande zote mbili za ule waya, madogo na ya haraka kama ya soda iliyofunguliwa. Nikakaza zaidi. Mapovu yakakoma, lakini bamba la grafati likapasuka kutoka tundu la boliti hadi ukingoni, na jioni ile nikawa na bamba vipande viwili na joto la katikati sijalijua bado.

Kosa langu lilikuwa la kipimo. Nusu milimita ni mikromita 500, yaani kwenye utando wa mikromita 25 nilikuwa nimeingiza gogo mara ishirini ya unene wake. Hata kama pasingevuja, waya ule ungeinua karatasi ya kaboni, ungepunguza mgusano, ungeziba mfereji mmoja, na joto ambalo ningesoma lingekuwa joto la mahali nilipokwisha kupaharibu. Udogo wa vihisi hivi si mashindano ya ufundi wa kujionyesha. Kihisi kikiwa kikubwa kinabadilisha kile kile kilichotumwa kukipima.

Njia ya kwanza wanayotumia ni kuchora kihisi badala ya kukifunga. Kwenye utando mwembamba wa plastiki ngumu inayoitwa poliimaidi, unene wake makumi machache ya mikromita, huwekwa tabaka la platini au dhahabu lisilofikia hata mikromita 1, likachorwa kama njia ya nyoka kwa ufundi uleule wa kutengenezea saketi za simu, kisha likafunikwa kwa tabaka jingine la plastiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yuan Ze huko Taiwan wameifuata njia hii kwa miaka mingi, hadi kuweka vipimo vya joto, unyevu na mtiririko kwenye kipande kimoja. Upande wa joto, kazi inafanywa na ukinzani: kipimo cha kawaida cha platini chenye omu 100 katika nyuzi joto 0 hufikia omu 138.5 katika nyuzi 100. Upande wa unyevu, hutengenezwa kapasita ndogo ambayo plastiki yake hunyonya mvuke na kubadilisha uwezo wa kuhifadhi chaji. Utaona kwamba kati ya nyuzi 60 na 80 ukinzani wa platini haubadiliki hata omu 8, kwa hiyo waya zinazotoka nje zisipofanyiwa hesabu zitaongeza uongo wao. Dawa yake ni waya nne, mbili za kupeleka mkondo na mbili za kusoma volti.

Asidi uliyoitaja ipo kweli. Utando wenyewe ni asidi iliyofungwa ndani ya plastiki. Shaba, ambayo wewe na mimi tunaipenda kwa kila kitu, hapa ni adui: ikiliwa, chembe zake zenye chaji huingia kwenye utando na kukalia nafasi za protoni. Ndiyo sababu ya kutumia dhahabu na platini, na ya kufunika kila kitu isipokuwa sehemu inayotakiwa kuhisi. Upande wa kuvuja, kipande chembamba namna hiyo hupita chini ya gasketi nayo ikakilalia bila kuinuka.

Njia ya pili hutumia unyuzi wa kioo, ndugu wa ule unaopita ndani ya mkongo wa taifa wa mawasiliano, wenye kipenyo cha mikromita 125. Ndani ya unyuzi huchorwa kwa mwanga mistari myembamba sana inayorudisha rangi moja tu ya mwanga na kuziachia nyingine zipite. Unyuzi ukipata joto, rangi inayorudi inahama. Kwa mwanga wa nanomita 1,550, kila nyuzi joto 1 huihamisha kwa pikomita 10 hivi. Ukiupaka poliimaidi inayovimba kwa mvuke, unyuzi huvutwa na rangi huhama pia, hivyo unapima unyevu. Kioo hakipitishi umeme, hakiliwi kirahisi na asidi hiyo, na unyuzi mmoja unaweza kubeba vituo kadhaa vya kupimia, kila kimoja na rangi yake, kwa hiyo tundu la kutokea ni moja. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ambayo fundi wa gesi angeichagua, ingawa mashine ya kusomea mwanga huo ina bei kubwa kuliko seli yenyewe.

Ipo pia njia ya kutoingiza chochote, ambapo seli hupigwa picha kwa nyutroni, kwa kuwa hizo hupenya alumini kirahisi lakini husumbuliwa na haidrojeni iliyomo kwenye maji, na maji yakaonekana kama kivuli. Picha hizo ni nzuri mno. Lakini zinahitaji kinu cha nyuklia au mtambo mkubwa wa aina yake, kama ulioko Gaithersburg nchini Marekani au Taasisi ya Paul Scherrer huko Uswisi, na huwezi kuufunga kwenye gari.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Nina gereji ndogo Unga Limited, Arusha. Sisi kila siku tunabadilisha sensa za magari. Mashine ya kusomea inasema sensa mbovu, mteja ananunua mpya, na tatizo linabaki. Hivyo vya seli ya mafuta vina tofauti gani na hivi vyetu, na vitaaminikaje?

JIBU: Nzuri, kaka. Kwanza nikutanie kidogo: neno hilo mnalolitumia gereji, mwenyekiti wa mtaa akilisikia atadhani unahesabu watu, ndiyo maana hapa tunaandika kihisi. Pili nikupe habari ambayo huenda ikakufurahisha. Kihisi cha oksijeni kilichoko kwenye eksozi, ambacho Bosch walikiingiza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, ni binamu wa seli ya mafuta. Ndani yake kuna kauri ya zirkonia. Ikipata moto wa zaidi ya nyuzi 300 hupitisha chembe za oksijeni zenye chaji, na tofauti ya oksijeni kati ya hewa ya nje na moshi wa ndani huzalisha volti 0.1 hadi 0.9 hivi. Ziko seli za mafuta kubwa zinazotumia kauri ya jamii hiyohiyo. Wewe umekuwa ukizibadilisha kwa spana.

Kuhusu kuaminika, mazoea ya kukishuku kihisi kwanza hayakuanzia Unga Limited. Mwezi Aprili 1970, tangi la oksijeni la chombo cha angani cha Apollo 13 lilipolipuka, seli mbili kati ya tatu za mafuta zilizokuwa zikikipa umeme zilikufa ndani ya dakika chache, na wataalamu waliokuwa chini Houston, walipoona namba zile, walidhani kwanza kwamba vipimo vimeharibika. Mambo mengi yalikuwa yamekwenda vibaya kwa pamoja kiasi kwamba hitilafu ya vipimo ndiyo ilikuwa rahisi kuamini. Namba zilikuwa za kweli.

Kanuni wanayofuata watafiti ni kwamba kihisi hakishuhudiliwi na kihisi cha aina yake peke yake, bali na hesabu isiyokitegemea. Seli ya mafuta ina hesabu nzuri ya namna hiyo. Kila ampia 1 inayopita katika seli moja kwa saa 1 huzalisha gramu 0.336 za maji, wala si zaidi wala si pungufu. Seli tano zikipitisha ampia 2 kwa saa nzima zimetengeneza gramu 3.36, na maji hayo lazima yatoke kama matone au kama mvuke, au yabaki ndani. Pima matone kwa mizani, kokotoa mvuke kutokana na joto na unyevu vinavyosomwa mlangoni. Vihisi vikidai kwamba zimetoka gramu 5, basi vimelowa au vimepoteza urekebisho wake, na hutakuwa umenunua kipya kwa kubahatisha. Kihisi cha unyevu hasa ndicho chenye tabia hiyo, kwani tone moja likikikalia kitaendelea kusema asilimia 100 hata hewa ikishakauka.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha wanafunzi Tengeru. Seli yetu inayotumia hewa ya kawaida ilifanya kazi vizuri Tanga, lakini hapa inachoka mapema ikifika nyuzi 70. Tumeambiwa ni kwa sababu ya hewa nyepesi ya mlimani, basi tumeongeza kasi ya feni na hali imekuwa mbaya zaidi. Tupime nini?

JIBU: Marahaba. Mliyoambiwa ni kweli, ila ni nusu. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 86 badala ya 101 za Tanga; ninyi mko chini kidogo ya hapo, lakini hesabu haitabadilika sana. Oksijeni katika kila lita ya hewa imepungua kwa karibu asilimia 15. Kwa sababu hiyo kuongeza feni kulionekana jambo la busara.

Nusu ya pili ni maji. Katika nyuzi 70 hewa iliyoshiba mvuke hubeba mvuke wa kilopaskali 31, uwe pwani au mlimani, kwa kuwa kiasi hicho huamuliwa na joto peke yake. Lakini hewa kavu inayoandamana nao Tanga ni kilopaskali 70, na Arusha ni 55 tu. Gawanya: Tanga kila sehemu 1 ya hewa kavu huondoka na sehemu 0.44 za mvuke, na Arusha 0.56. Maana yake ni kwamba kila pumzi ya hewa inayopita kwenye seli yenu huku juu inaweza kuzoa maji zaidi kwa robo nzima kuliko ilivyofanya pwani, nanyi mkaziongeza hizo pumzi. Ninashuku sana kwamba seli yenu imekauka kwenye mlango wa kuingilia hewa.

Msiniamini kabla ya kupima. Wekeni kihisi kimoja chembamba cha unyevu na joto robo ya kwanza ya mfereji wa hewa, na kingine karibu na mlango wa kutokea. Ikiwa mna uwezo wa kimoja tu, kiwe cha mwanzoni. Kama hamna kabisa, pimeni ukinzani wa seli kwa mkondo wa kubadilika wa hezi 1,000, kwa sababu utando ukikauka ukinzani huo hupanda waziwazi, ilhali mafuriko hayaupandishi. Mkikuta ni ukavu, rudisheni feni ilivyokuwa kisha mshushe joto la seli hadi nyuzi 65. Hapo mvuke wa hewa iliyoshiba ni kilopaskali 25, nayo 25 ikigawanywa kwa 61 za hewa kavu ni 0.41, karibu sana na mlivyokuwa Tanga. Mkikuta si ukavu, niandikieni tena pamoja na namba za kila seli.